Mchoro Unaokataa Kuzeeka

Mwaka 1982, jijini Budapest, vito vya mke wa mwanafizikia mmoja viligeuka kuwa mtaji wa kampuni. Mwanafizikia huyo aliitwa Gábor Bojár. Hungaria ilikuwa bado nchi ya kikomunisti, ila mwaka huohuo serikali ililegeza kamba kidogo na kuwaruhusu raia kuanzisha biashara ndogo za ubia. Ya Bojár na wenzake ikaitwa Graphisoft. Fedha hawakuwa nazo, na kompyuta ya maana hawakuwa nayo. Kazi ngumu ndiyo iliyokuwapo: mabomba ya mtambo wa nyuklia wa Paks, ukingoni mwa mto Danube, kusini mwa mji mkuu.

Ndani ya mtambo wa nyuklia mabomba hupishana kama mizizi ya mikoko. Hili la mvuke, lile la maji ya kupoza, lile lingine la dharura ambalo kila mtu anaomba lisije likatumika. Enzi hizo kila kundi la mabomba lilichorwa kwenye karatasi zake, mara yakitazamwa kwa juu, mara kwa ubavuni. Karatasi ina ubaya mmoja, nao ni upole wake: mabomba mawili yanaweza kupita mahali palepale na karatasi isiseme neno. Ukweli hujulikana saiti, fundi akiwa ameshika bomba la chuma mkononi, akakuta boriti ya zege imekaa pale ambapo mchoro ulimwambia pana nafasi. Katika nyumba ya kawaida atakata, ataunga, kazi itaendelea. Penye kinu cha nyuklia mambo hayaendi hivyo.

Kampuni za Magharibi zilikuwa na kompyuta kubwa za kufanya hesabu hizo. Bojár na kundi lake wakaandika programu yao wenyewe kwa ajili ya mashine ndogo ya mezani, programu iliyolishika kila bomba kama kitu chenye urefu, upana na kimo, kilichokaa mahali fulani angani. Programu ikaweza kusema: hapa vitu viwili vinagombania nafasi moja.

Kutoka mabomba wakaingia kwenye nyumba. Mwaka 1984 walitoa programu ya wasanifu majengo iliyoitwa Radar CH, ikitumia kompyuta ya Apple Lisa; baadaye ikajulikana dunia nzima kwa jina la ArchiCAD. Kompyuta zenyewe hazikuruhusiwa kufika Hungaria, kwa kuwa nchi za Magharibi zilikuwa zimezuia mitambo ya aina hiyo kuuzwa nyuma ya pazia la chuma, hivyo zikapenyezwa kwa magendo. Apple yenyewe, ilipowajua vijana hawa, iliwasaidia. Bojár hakusahau. Desemba 2011, miezi miwili baada ya Steve Jobs kufariki, alimsimamishia sanamu ya shaba katika bustani ya kampuni yake jijini Budapest.

Ila wazo la jengo linalokaa zima ndani ya kompyuta lilikuwa limeshazaliwa ng'ambo ya bahari, na aliyelizaa alikuwa msanifu majengo aliyechoshwa na karatasi.

Charles Eastman alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Tangu mwaka 1963, Ivan Sutherland wa MIT alikuwa ameshaonyesha kwa programu yake ya Sketchpad kwamba mtu anaweza kuchora kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Wengi walioifuata njia hiyo waliiona kompyuta kama meza ya kuchorea iliyo bora zaidi: mistari iliyonyooka, kufuta bila kuchafua. Eastman aliona kuwa huko ni kubeba tatizo lilelile kwenye chombo kipya. Mstari kwenye kioo bado ni mstari. Haujui kama ni ukuta, ni waya, au ni ukingo wa ngazi.

Chukua mlango mmoja tu wa chumba. Unachorwa kwenye ramani ya sakafu. Unachorwa tena kwenye ramani kubwa zaidi ya chumba chenyewe. Unaonekana kwenye mchoro wa mkato, kwenye sura ya ukuta, kwenye jedwali la milango lenye vitasa na bawaba zake, halafu unahesabiwa upya na mkadiriaji majenzi anayetafuta gharama. Mwenye jengo akisema asubuhi moja kwamba anataka mlango wa sentimita 90 badala ya 80, mtu fulani lazima azipitie karatasi zote hizo na kusahihisha. Akisahau moja, kuna siku karatasi hiyo moja itamfikia seremala.

Mwaka 1975 Eastman aliandika hoja yake katika jarida la Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani. Alieleza mfumo alioujenga na wenzake kwenye kompyuta ya PDP-10, ambamo kila sehemu ya jengo huwekwa mara moja tu, ikiwa na umbo lake, mahali pake na sifa zake. Michoro ya mkato na sura za kuta hutolewa humo na kompyuta wakati wowote mtu anapozihitaji. Ukibadilisha mara moja, kila mchoro utakaotoka baada ya hapo utakuwa na badiliko hilo. Katika makala hiyo kuna hoja nyingine, nayo ilikuja kuwa na uzito mkubwa. Eastman alisema michoro ya karatasi huchakaa kadiri miaka inavyopita: jengo hukarabatiwa, ukuta huvunjwa, bomba huhamishwa, na mchoro uliomo kabatini haupati habari. Jengo linaendelea kuishi na picha yake inakufa.

Aliyasema hayo wakati kompyuta moja ilijaza chumba na bei yake ilizidi ya nyumba ambayo ingeichora. Ofisi za usanifu zilisoma, zikarudi kwenye rula zao.

Jambo ambalo hoja za profesa hazikulifanya lilifanywa na samaki.

Barcelona ilikuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya 1992, na ufukweni, mbele ya hoteli mpya, Frank Gehry alitakiwa kusimamisha sanamu kubwa. Akabuni samaki wa chuma cha pua chenye rangi ya dhahabu, mwenye urefu wa takriban mita 56 na kimo cha mita 35, ambaye ngozi yake imesukwa kama jamvi lililoachwa wazi ili anga lionekane kupitia ndani yake. Kwa jicho ni mwepesi, lakini kwa fundi alikuwa balaa. Mgongo wa samaki hauna mahali ulipo mnyoofu. Kila kipande cha fremu kina mkunjo wake, na hakuna vipande viwili vinavyofanana. Ungewezaje kuuchora mkunjo huo kwa bikari na rula, kisha ukamkabidhi mtu wa kukunja chuma?

Gehry mwenyewe hakuwa mtu wa kompyuta. Alifikiri kwa mikono, akikunja karatasi na kubandika vipande vya mbao. Mwenzake ofisini, Jim Glymph, ndiye aliyetoka kutafuta msaada, akaenda kuupata mahali ambapo wasanifu hawakuwa na desturi ya kwenda: kwenye ndege. Dassault ya Ufaransa ilikuwa na programu iitwayo CATIA, iliyotengenezwa kwa ajili ya kubuni ndege zake za kivita. Bawa la ndege na mgongo wa samaki vina shida moja, na programu iliyozoea bawa ilimmeza samaki bila taabu. Umbo likaingizwa kwenye kompyuta, na vipimo vya kila kipande vikatoka humo moja kwa moja kwenda kwa kampuni ya Italia iliyotengeneza chuma. Vipande vilifika ufukweni vikakutana kama ilivyotarajiwa, na michoro ya karatasi iliyohitajika ilikuwa michache mno.

Samaki hana vyumba wala choo. Alikuwa jaribio tu, nalo lilipofaulu ofisi ya Gehry ikapata ujasiri. Oktoba 1997 Jumba la Makumbusho la Guggenheim lilifunguliwa Bilbao, kaskazini mwa Hispania, likiwa limevikwa mabati ya titani yenye unene usiofika nusu milimita, kuta zake zikipinda kana kwamba upepo umezikuta zikiwa bado laini. Wasanifu wa dunia nzima walikwenda kutazama umbo. Wahandisi waliotazama kwa makini zaidi waliona jambo jingine: chuma kilichobeba umbo hilo kilikatwa kwa kufuata modeli moja, iliyosomwa na msanifu, mhandisi na mtengenezaji kwa pamoja.

Wakati huohuo jambo lenyewe lilikuwa likitafuta jina. Watafiti wawili wa Kiholanzi, van Nederveen na Tolman, walitumia katika makala ya mwaka 1992 maneno yanayoweza kusemwa kwa Kiswahili kama modeli ya taarifa za jengo. Yalikaa kimya miaka kumi. Kila kampuni ilikuwa na jina lake la kuuzia bidhaa; Graphisoft, kwa mfano, walisema jengo la kubuniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo herufi BIM, kifupi cha maneno hayo kwa Kiingereza, ziliposhika, nazo leo zinatamkwa saiti kama neno la kawaida.

Sehemu ya sababu ni kundi dogo karibu na Boston. Leonid Raiz na Irwin Jungreis walitoka kwenye kampuni iliyotengeneza programu za kubuni mashine, na mwaka 1997 wakaanzisha yao ya kubuni majengo. Bidhaa ilitoka mwaka 2000 kwa jina la Revit. Ndani yake kila kitu kimefungwa kwa kingine kwa uhusiano. Sogeza ukuta sentimita 30, na mlango uliomo utasogea nao, eneo la chumba litajihesabu upya, paa litaufuata ukuta, jedwali la milango litajisahihisha, na mikato yote itakuwa imeshabadilika kabla mtu hajainua kidole kwenye kitufe. Yale ya Pittsburgh ya mwaka 1975, sasa juu ya meza ya mtu wa kawaida. Mwaka 2002 Autodesk, kampuni ya programu ya kuchorea ya AutoCAD, iliinunua kwa dola milioni 133.

Kuwa na modeli ni jambo moja, kukubali kuigawana ni jingine. Msanifu alikuwa na programu yake, mhandisi wa nondo yake, fundi wa viyoyozi yake, nazo hazikuelewana. Taarifa iliyopigwa chapa ofisi moja ilipigwa chapa upya ofisi ya pili, na makosa yakaingia njiani. Mwaka 2004 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikadiria kwamba kutoelewana huko kwa mifumo kuliigharimu sekta ya majengo makubwa nchini humo dola bilioni 15.8 kwa mwaka. Dawa ilikuwa lugha ya pamoja ya mafaili, iitwayo IFC, ambayo kampuni kadhaa zilianza kuitunga katikati ya miaka ya 1990 na ambayo mwaka 2013 ilipata hadhi kamili ya kiwango cha kimataifa. Kazi ya kamati, mikutano na masahihisho. Haina samaki wa dhahabu wa kuonyesha watalii, lakini bila hiyo kila modeli ingebaki kisiwa.

Kisha serikali zikaingia. Mwaka 2011 Uingereza ilitangaza kwamba ifikapo 2016 kila mradi wa ujenzi wa serikali kuu lazima utumie BIM. Singapore nayo ilianza kutaka iwasilishiwe modeli badala ya rundo la karatasi. Hapo ndipo ahadi nyingi zilipotolewa kupita kiasi. Reli ya chini ya ardhi ya London iliyojulikana kama Crossrail ilikuwa miongoni mwa miradi iliyoitumia teknolojia hii kwa upana mkubwa, na bado ilifunguliwa kwa abiria Mei 2022 badala ya Desemba 2018, gharama ikiwa imepanda kutoka pauni bilioni 14.8 hadi karibu bilioni 19. Modeli huonyesha bomba linapogonga boriti. Kuifanya mifumo ya reli iliyotengenezwa na kampuni tofauti iongee pamoja kwa wakati uliopangwa, hilo ni la watu.

Na ile hoja ya pili ya Eastman, ya picha inayokufa, ilikuwa bado haijajibiwa. Modeli nzuri ya mwaka wa ujenzi nayo huzeeka ikiachwa kabatini, sawa na karatasi. Jibu lilikuwa likipikwa kwenye jiko jingine.

Aprili 1970 tangi la oksijeni lililipuka kwenye chombo cha Apollo 13, zaidi ya kilomita 320,000 kutoka duniani. Wahandisi wa NASA hawakuweza kukigusa chombo hicho, lakini walikuwa na mitambo ya mazoezi iliyofanana nacho. Waliirekebisha mitambo hiyo ilingane na hali ya chombo kilichokuwa juu, wakajaribu humo kila hatua kabla ya kuwaambia wanaanga waifanye. Mwaka 2002 Michael Grieves, huko Michigan, alieleza mpango wa kitu halisi na nakala yake ya kompyuta vinavyopashana habari maisha yao yote. Jina la pacha wa kidijitali lilikuja baadaye, kupitia kwa John Vickers wa NASA. Kinachompambanua pacha na modeli ni uzi unaowaunganisha wawili hao: vihisio vya joto, mtetemo, unyevu na mwendo wa maji vinamletea habari, naye anabadilika jengo linapobadilika. Singapore ilitangaza mwaka 2014 kwamba ingeutengenezea mji mzima pacha wake, kwa dola milioni 73 za nchi hiyo.

Majengo ya kale, ambayo hayakuwahi kuwa na modeli yoyote, yalihitaji njia ya kurudi nyuma. Njia hiyo ni leza. Mashine huwekwa juu ya miguu mitatu, hurusha mwale, mwale hugonga jiwe na kurudi, na muda uliotumika huwa umbali. Hufanya hivyo maelfu ya mara kwa sekunde huku kichwa chake kikizunguka, mpaka chumba chote kiwe wingu la nukta. Kwa njia hii timu ya Chuo Kikuu cha Cape Town, iliyoongozwa na Profesa Heinz Rüther, imepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kuta za matumbawe ambazo chumvi na mawimbi hazikomi kuzila. Mradi wao unaitwa Zamani, na neno hilo wamelichukua kutoka Kiswahili.

Mpimaji mwingine wa aina hiyo alikuwa Andrew Tallon, mwalimu wa historia ya sanaa katika Chuo cha Vassar, New York. Tangu mwaka 2010 aliibeba mashine yake ndani ya kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, akaisimamisha mahali zaidi ya 50, akakusanya nukta zaidi ya bilioni moja. Hakuwa akijiandaa kwa janga. Alitaka kujua wajenzi wa karne ya 12 walifikiri nini, na nukta zikamwonyesha nguzo zisizokaa kwenye mstari, alama za watu waliokuwa wakijenga kwa kuzunguka vizuizi vilivyokuwapo. Darini nako, penye mihimili mingi ya mwaloni hata pakaitwa msitu, wasanifu wawili wa Kifaransa, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, walikuwa wamepima na kuchora mbao kufikia mwaka 2014. Tallon alifariki Novemba 2018 kwa saratani, akiwa na miaka 49.

Tarehe 15 Aprili 2019, saa 12 na dakika 20 hivi jioni, king'ora cha moto kililia Notre-Dame. Ujumbe uliotokea kwenye mtambo wa tahadhari ulieleweka vibaya, na mlinzi akatumwa kwenye dari ya jengo la pembeni badala ya dari ya kanisa kuu. Karibu nusu saa ilipotea. Muda mfupi kabla ya saa 2 usiku mnara mwembamba wa msanifu Viollet-le-Duc uliinama, ukavunjika, ukapasua dari ya mawe na kuanguka ndani. Msitu wote ukawa majivu.

Katika siku zilizofuata vipimo vilianza kutafutwa popote vilipo: nukta za Tallon, michoro ya Fromont na Trentesaux, skani ambazo kampuni ya Art Graphique et Patrimoine ilikuwa imezichukua kwa miaka. Kwa ushirikiano na Autodesk ikajengwa modeli ya kanisa lilivyokuwa kabla ya moto, na nyingine ya lilivyobaki, ili wahandisi wapange kwenye kioo mahali pa kuweka winchi na jukwaa kabla ya kuyaweka juu ya kuta zilizodhoofika. Kituo cha taifa cha utafiti cha Ufaransa, CNRS, kiliunda kundi la kidijitali chini ya Livio De Luca, ambaye ni msanifu kwa taaluma. Moja ya kazi zao ilikuwa tao lililoanguka. Mawe yake yaliokotwa sakafuni moja moja, yakapewa namba, yakapimwa pande zote. Kisha kwenye kompyuta walijaribu lipi lilikaa kando ya lipi, wakilinganisha nyuso za mawe na picha za zamani: ufa huu, doa lile, makovu ya patasi ambayo picha iliyopigwa miaka mingi nyuma iliyashika bila mpigapicha kujua. Polepole tao likarudi kwenye mpangilio wake.

Mihimili ya paa la ukumbi na madhabahu ilichongwa upya kwa shoka, mwaloni kwa mwaloni, kama mafundi wa karne ya 13 walivyofanya. Maseremala walifuata michoro iliyochukuliwa darini miaka mitano kabla ya moto, na Fromont, aliyewahi kutambaa juu ya mihimili ya kale akiipima, sasa alikuwa mmoja wa wasanifu wakuu wa kazi hiyo. Milango ilifunguliwa tena Desemba 2024. Juu ya vichwa vya waumini, kati ya mbao mpya ambazo bado zina rangi ya asali, zimejengwa kuta za kuzuia moto usihame, na yamepitishwa mabomba membamba ya kunyunyiza ukungu wa maji, ambayo hayakuwapo katika dari ya kale.